Mama ameacha vidonge vya sukari, anategemea taa nyekundu na unga wa Ayurveda

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nimekaa nje ya chumba cha mama. Mlango umefungwa, ila kwa chini unapenya mwanga mwekundu mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu. Ni taa yake hiyo. Saa nzima asubuhi, saa nzima jioni, na hataki kusumbuliwa.

Mama ana miaka 61, na kisukari anacho mwaka wa 11 sasa. Wiki saba zilizopita alitoka kidonda kwenye unyayo, chini ya kidole gumba. Kilianza kama sugu, kisha sugu ikapasuka. Hakimuumi hata kidogo, ndiyo maana hajui kilianza siku gani. Mimi ndiye niliyekiona nilipokuwa namkata kucha.

Kaka yetu mkubwa haishi nasi. Alisoma mahali kuhusu tiba ya mwanga mwekundu, akamnunulia mama taa ya mkanda, ile ya kufunga mguuni. Nyuma imeandikwa 660 na 850. Nusu ya vitaa vyake haviwaki. Nilimwambia kaka ameuziwa mbovu, akanuna siku mbili. Huyo huyo aliyemuuzia taa akamuunganisha na "mshauri wa Ayurveda", tiba ya asili ya Kihindi. Wakampa mama mafuta ya bakuchi ya kupaka kuzunguka kidonda kabla ya kuwasha taa, na kopo la unga wa kunywa na maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku. Kwenye kopo kuna majina mengi. Niliyoweza kuyasoma ni haridra, amalaki na naga bhasma. Mshauri akasema unga haupatani na dawa za hospitali, kwa hiyo mama aweke kando metformini mpaka mwili usafishike. Ameiweka kando. Hii ni wiki ya tano.

Tangu aanze huo unga tumbo linamnyonga, na choo anaweza kukaa siku nne hajapata. Mshauri anasema ni sumu zinajikusanya kutoka. Juzi nilikuta lengelenge juu ya mguu, pale pale mkanda wa taa ulipobana. Hakulihisi. Jana nilipofungua bandeji kulikuwa na harufu.

Nikisema twende hospitali ananijibu, "Mnataka nikakatwe mguu kama mama yako mdogo." Kaka anasema sina subira, kwamba tiba ya asili huenda polepole na Wahindi wameitumia maelfu ya miaka. Mdogo wangu anasema wote ni matapeli, na akija ataichukua taa akaitupe. Mimi siwezi kusema ni utapeli mtupu: goti langu mwenyewe nililimulika kwa taa ile wiki mbili, likapata nafuu. Shangazi, hapa kipi cha kweli na kipi cha uongo? Na nimwambieje mama asione kama nimemgeuka?

Niliye Katikati

*

Marahaba mwanangu,

Nilikujibu siku ile ile kwa mstari mmoja: harufu haisubiri, mpeleke leo. Natumaini ulimpeleka; kama alikataa, humu nimeweka pia namna ya kumshawishi. Haya ya leo nayaandika kwa sababu mkitoka hospitali kaka atakuwa na hoja zake, mdogo wako na zake, na kopo bado liko juu ya meza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kaka anaitetea taa, mdogo wako anaishambulia, mshauri anausifu unga. Unyayo wa mama hauna wakili. Kwa hiyo tuanze na unyayo.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia mbali, yaani miguuni. Mtu hupoteza ile kengele ya maumivu inayotufanya wengine wote tuchechemee. Wewe ukiwa na kidonda chini ya kidole gumba, hatua ya pili tu utakanyagia kisigino bila hata kufikiri. Mama hachechemei. Anakikanyaga kidonda kila anapokwenda chooni, kila anapokwenda jikoni, mamia ya mara kwa siku. Nyama changa iliyojitengeneza usiku inasagwa asubuhi. Ndiyo maana kwa mtu wa kisukari kidonda kisichouma kinatisha kuliko kinachouma, na ndiyo maana wiki saba zimepita. Kipimo cha wahudumu wa vidonda hivi ni rahisi: wiki nne zikipita na eneo la kidonda halijapungua kwa nusu, matibabu yanayoendelea yanatazamwa upya. Ninyi mmevuka huko zamani.

Sasa kule mama anakokuogopa, wanafanya nini hasa? Wanamgusa unyayo kwa uzi wa nailoni unaojikunja ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10, huku amefumba macho, aseme ameguswa wapi. Wanatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Wanakwangua sugu yote kwa kisu, kwa sababu mara nyingi kidonda unachokiona ni mlango tu na chumba kiko chini ya sugu. Wanaingiza kijiti butu cha chuma taratibu kuona kama kinagonga mfupa. Kikigonga, wanapiga eksirei na kutafuta maambukizi ya mfupa. Wanampa dawa ya kuua vijidudu ikiwa kidonda kimeambukizwa. Halafu wanafanya jambo ambalo halina mng'ao wowote: wanaupumzisha unyayo. Kwa kidonda cha hapo alipo mama, kama damu inafika vizuri na maambukizi yamedhibitiwa, chaguo la kwanza ni kifaa kisichovulika kinachofika karibu na goti, mara nyingi plasta ngumu kama ya mtu aliyevunjika, ili uzito usiangukie kidonda. Mshauri hawezi kuuza hicho kwenye kopo.

Metformini usimrudishie mwenyewe kwa kubahatisha. Wiki tano bila dawa na kidonda chenye harufu, daktari atataka kwanza kuona sukari ikoje na figo zikoje, kisha aamue kama ni vidonge vile vile au ni insulini kwa muda.

Tuje kwenye taa. Kaka yako hakuota. Niels Finsen alipata tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, ingawa ule haukuwa mwekundu. Mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya mgongoni na kuwamulika kwa leza ya yakuti nyekundu, akitaka kujua kama ingewasababishia saratani. Saratani hakuiona, aliona manyoya yakirudi haraka upande uliomulikwa. Baadaye akageukia vidonda vya watu. Tangu hapo wanasayansi wameifuatilia, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mwekundu na ule wa infraredi ulio karibu nao hunyonywa na kimeng'enya kilichomo kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, seli ikapata nguvu zaidi ya kufanya kazi zake. Wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi kichwani na shingoni hupewa mwanga huu kuzuia vidonda vya mdomoni, na miongozo ya kitabibu ya kimataifa inaupendekeza kwa kazi hiyo. Goti lako kupata nafuu, sioni sababu ya kukubishia. Wewe goti lako linahisi.

Na vile vitaa visivyowaka, mwombe kaka radhi. Huenda havijaungua. Namba 660 na 850 ni urefu wa mawimbi kwa nanomita. Vya 660 unaviona vyekundu. Vya 850 ni infraredi, jicho halivioni, au huona kiwekundu hafifu sana katikati. Chukua simu ya kawaida, uelekeze kamera kwenye kitaa kinachoonekana kimezima. Kamera nyingi zitakuonyesha kinang'aa rangi ya zambarau. (Ndiyo maana pia mtu asiikodolee macho kwa kudhani nusu imezimwa.)

Kwa mama, lakini, taa hiyo ina kasoro tatu, na lengelenge ni mojawapo. Taa ya mkanda inabana na inapata joto. Mtu anayehisi angeilegeza baada ya dakika tano. Mama hana kengele, kwa hiyo mkanda umempika taratibu na sasa ana vidonda viwili badala ya kimoja. Mtu aliyepoteza hisia miguuni hawekewi mguuni kitu chochote cha joto bila mtu mwingine kukisimamia: si taa, si chupa ya maji ya moto, si beseni la maji ambalo hujalipima wewe kwa kiwiko.

Kasoro ya pili ni kipimo. Tiba hii ina tabia ambayo wauzaji hawaipendi: kidogo husaidia, kingi huondoa hata ule msaada. Chukua taa inayotoa miliwati 50 kwa kila sentimita ya mraba. Dakika moja ni jouli 3. Saa nzima ni jouli 180, na mama anafanya mara mbili. Majaribio mengi ya vidonda yametumia jouli chache tu, aghalabu chini ya 10. Kama taa yake ina nguvu hiyo, anachofanya mama kimevipita mbali vipimo hivyo.

Ya tatu: je, bandeji inatolewa? Hukusema. Kama anafunga mkanda juu ya bandeji na mafuta, mwanga mwingi unaishia kwenye pamba.

Majaribio ya mwanga kwenye vidonda vya kisukari yapo, madogo madogo, na baadhi yameona vidonda vikifunga upesi zaidi. Lakini mwanga uliongezwa juu ya kusafisha kidonda, kudhibiti sukari na kupumzisha mguu. Kaka akikuletea ukurasa wenye habari njema, mwambie ashuke mpaka pale wanapoeleza wagonjwa walikuwa wanapata nini kingine. Hapo ndipo panaporukwa.

Sasa Ayurveda, na hapa nitamtetea Mhindi wa kale dhidi ya huyo mshauri wenu. Sushruta Samhita, kitabu cha zamani cha upasuaji cha India, kimeorodhesha njia 60 za kushughulikia vidonda: kukata nyama iliyokufa, kukamua usaha, kuosha, kufunga, kupaka dawa. Kisukari walikijua kwa jina la madhumeha, mkojo wa asali. Na kitabu hicho hicho kinataja watu ambao vidonda vyao hupona kwa taabu: mwenye ukoma, aliyeingiliwa na sumu, aliyedhoofika, na mwenye madhumeha. Kwa hiyo anayekwambia kwa jina la Ayurveda kwamba kidonda cha mama ni jambo jepesi la unga na subira, hajasoma kitabu anachokiuza. Muulizeni alisomea wapi. India, daktari wa Ayurveda husoma miaka mitano na nusu ikiwemo ya mazoezi hospitalini, na ana namba ya usajili. Akikasirika kwa kuulizwa, mmeshapata jibu.

Kopo ndilo lililoninyima usingizi. Haridra ni manjano. Amalaki ni tunda lenye uchachu. Hayo mawili yasingenisumbua sana. Naga bhasma ni kitu kingine. Bhasma ni jivu, na naga katika fani hiyo ni risasi, madini yale yale yaliyomo kwenye betri za magari. Kuna tawi la Ayurveda liitwalo rasashastra linalotumia madini kama dawa: zebaki, risasi, aseniki. Wafuasi wake husema yakisafishwa na kuchomwa mara nyingi huacha kuwa sumu. Jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa bidhaa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti: karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, na kwa zile za rasashastra ilikuwa takriban nne katika kila kumi. Kila iliyokutwa na madini hayo ilivuka angalau kiwango kimoja kinachokubalika kwa siku.

Sasa rudi kwenye barua yako. Tumbo linanyonga, choo siku nne. Mshauri anasema sumu zinatoka. Mimi nasema huenda ndiyo zinaingia, kwa sababu tumbo la kunyonga na choo kigumu ni miongoni mwa dalili za zamani kabisa za sumu ya risasi. Siwezi kupima damu kwa barua, na tumbo huuma kwa mengi. Kipimo cha risasi kwenye damu kipo, lakini hakifanywi mpaka mtu akiombe, na daktari hataagiza kipimo cha kitu ambacho hajaambiwa. Sema neno lenyewe, naga bhasma, na sema lina maana ya risasi. Unga usimame leo, kijiko cha jioni kisiwepo.

Mafuta ya bakuchi nayo yana kisa kizuri, ila si kisa cha mama. Kuunganisha mmea na mwanga hakukubuniwa na mwuza taa. Tiba ya kale ya India ilipaka bakuchi kwenye mabaka meupe ya ngozi kisha ikamweka mgonjwa juani. Mbegu zake zina psoraleni, na hospitali za leo hutumia dawa za jamii hiyo pamoja na miale ya urujuanimno kwa mabaka hayo hayo. Inachoitikia psoraleni ni urujuanimno, ile ya jua. Taa nyekundu haina hiyo miale. Kwa hiyo ndani ya chumba hicho kilichofungwa mafuta na taa havizungumzi kabisa, lakini mama akitoka kuota jua mguu ukiwa na mafuta, ngozi inaweza kuungua vibaya. Mwoshe mguu, ukaushe vizuri katikati ya vidole, na chupa iishe kazi.

Mdogo wako umtulize. Akija akaitupa taa mbele ya mama, atakuwa ametupa zawadi ya mtoto mmoja kwa mkono wa mtoto mwingine, na mama atailinda kwa nguvu zote hata kama alikuwa ameshaichoka. Taa ibaki, ila isimguse mama miguuni. Itumie wewe kwa goti lako dakika chache, kaka aone haikudharauliwa. Kidonda kikishafunga, mama akiitaka kwa shingo au bega, aulize kwanza kliniki.

Kuhusu mama na hofu yake. Umesema anakujibu kwa habari ya mama mdogo. Je, umewahi kumuuliza mama yako: huyo mama mdogo alipelekwa hospitali siku ya ngapi? Muulize kwa upole, usiku, si mbele ya ndugu zako. Sina hakika atajibu nini, ila nimezisikia habari nyingi za miguu iliyokatwa, na karibu zote zina sehemu ambapo mtu alikuwa nyumbani wiki nyingi akijaribu hiki na kile. Mwache asimulie mwenyewe mpaka afike hapo. Usimmalizie sentensi.

Na usianze na "umekosea" wala "kaka amekudanganya". Mwambie ulichoona kwa macho yako: "Mama, mguu umeungua na hukuhisi. Mimi hilo limenitisha." Hilo si la kubishaniwa, halimshitaki mtu, na lengelenge lipo, analiona. Kisha mwombe kaka, yeye ndiye ampeleke. Najua inauma, wewe ndiye unayefunga bandeji kila siku na yeye ndiye atakayeonekana shujaa. Mpe tu. Mtu aliyenunua taa akiwa ndiye anayemshika mama mkono kwenye benchi la kliniki, ugomvi unakosa pa kukaa.

Ukifika, daktari akiuliza "anatumia dawa gani?" usiseme "hakuna". Watu wengi wanaficha za asili wakiogopa kufokewa. Kama mmoja atafoka, mwache afoke, we endelea kutaja: unga tangu lini, vijiko vingapi, mafuta gani, taa saa ngapi kwa siku, metformini imekoma tarehe ngapi. Andika kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Kopo usilitupe hata kama mdogo wako anasisitiza. Lifunge kwa mfuniko wake, litie kwenye mfuko, lebo isitoke, uende nalo.

Shangazi